Kayamba la Huruma

Mtu mwenye ulemavu akijitokeza kujiunga na kwaya, hupewa kayamba. Sijui nani aliyeiweka kanuni hiyo. Haimo kwenye katiba ya usharika wowote ninaoujua, ila inafuatwa kwa uaminifu kuliko nyingi zilizoandikwa na kupigwa muhuri. Kayamba ni jepesi, halidai vidole, na likienda nje ya mapigo ngoma italifunika. Anayelitoa huondoka akijiona ametenda jambo jema. Anayelipokea hushukuru, akakaa mwisho wa benchi, akatikisa. Kayamba lenyewe sina ugomvi nalo. Mpigaji wake hodari ni mtu wa kugombewa, waulizeni Wagiriama. Ugomvi wangu ni juu ya kayamba linalotolewa na mtu ambaye hatarajii kulisikia.

Nasema haya nikiwa Kikwe, kusini mwa barabara kuu iendayo Moshi, mahali ambapo mlima Meru huonekana asubuhi na vumbi huonekana siku nzima. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na miguu yangu imepinda tangu sijaanza darasa la kwanza. Kwa mwenyeji wa Kikwe, Maji ya Chai au Ngarenanyuki maelezo hayo yanatosha. Kwa mgeni niongeze kwamba maji yetu hushuka kupitia miamba ya volkano ya Meru yakiwa yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya ukanda huu huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Meno huwa ya kahawia, na mtoto ambaye mifupa yake ingali laini huota matege. Magadi tuliyoivishia makande yakaongeza floraidi juu ya floraidi. Mtu akiyanywa maji haya miaka mingi, uti wa mgongo na viwiko navyo huanza kukaza.

Zamani neno floraidi hatukuwa nalo. Tulikuwa na mengine: mama alikanyaga nini, baba alimdhulumu nani, ukoo una deni gani ambalo halijalipwa. Ndilo swali la wanafunzi wa Yesu katika Yohana sura ya 9, walipomwona yule kipofu wa kuzaliwa na kutaka kujua dhambi ni ya kijana au ya waliomzaa. Jibu likawa kwamba si ya huyu wala ya wale. Huku kwetu jibu hilo limekuja kuthibitishwa na maabara.

Kwenye kwaya ya matarumbeta mimi hupiga besi kubwa. Sikuipata kwa kipaji. Nilipewa kwa sababu besi hupakatwa, na mwalimu wa kwaya wa wakati ule aliona kwamba chombo cha kupakata apewe mtu wa kukaa. Lilikuwa kayamba la huruma lenye uzito wa kilo tisa. Bahati yangu ni kwamba besi haifunikwi na ngoma. Ukikosea, mpaka watoto wa Shule ya Jumapili wanageuka kukutazama. Nilikosea, nikakemewa mbele ya watu, nikarudishwa nota ileile mpaka midomo ikafa ganzi, na nilipokuwa natembea kwenda nyumbani jioni ile nilikuwa na furaha ambayo sikuielewa mpaka baadaye sana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kunikasirikia kama anavyowakasirikia wengine.

Kwenye maandamano nilibaki nyuma, hilo halikuwa na dawa. Lakini harusi za Arusha zina neema yake. Matarumbeta hupandishwa kwenye pikapu, gari linakwenda polepole mbele ya msafara wa bibi harusi, mpiga picha wa video naye amening'inia pembeni, na hakuna anayetembea kwa miguu. Kuanzia kanisani hadi ukumbini wote tuko sawa, tunarushwarushwa na matuta yaleyale.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama mmoja jirani yangu alinijia na binti yake, mtoto wa darasa la sita ambaye amezaliwa mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Huyu anataka tarumbeta. Nimemwambia aombe kayamba, hataki."

"Marahaba, mama." Nikamtazama binti. Alikuwa amenuna. Nikampenda kwa huko kununa.

Watu huniuliza, kana kwamba miguu yangu ni cheti, ni chombo gani cha muziki kinachomfaa mlemavu. Swali hilo nalikataa, kwa kuwa mlemavu wa jumla hayupo. Yupo mtu asiye na mkono wa kushoto, na huyo gitaa litamtesa wakati tarumbeta inamsubiri: vibonyezo vyake ni vitatu, vyote kazi ya vidole vya kulia, na mkono wa kushoto karibu hauna kazi ila kushika. (Hilo "karibu" nitalirudia, lina mambo.) Yupo mzee ambaye floraidi imekaza kiwiko chake, huyo akipewa tromboni ataona adhabu, maana bomba lake husukumwa mbele mpaka mkono unyooke wote, lakini besi yangu ataimudu. Yupo ambaye vidole havimtii isipokuwa gumba mbili. Huyo Wagogo walishamfikiria bila kumjua, kwa kuwa ilimba yao, ile marimba ambayo Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya, hupigwa kwa gumba. Nyatiti ya Wajaluo inadai mpaka kidole gumba cha mguu, kinachovishwa pete ya chuma na kugonga mwili wa chombo, na kwa hiyo mwenye mikono mizima lakini asiye na mguu anaweza kukwama pale ambapo mwingine anapeta.

Kinanda cha zamani cha kanisani kilikuwa cha kukanyaga. Miguu ndiyo iliyosukuma hewa ndani yake, na mtu mwenye miguu kama yangu hakukipiga hata kama vidole vyake vilikuwa vya malaika. Kisha vikaja vinanda vya umeme. Siku moja tu, bila mfungo wala mkesha, watu kadhaa waliokuwa hawafai kupiga kinanda wakafaa. Miguu yao ilikuwa vilevile. Umeme ukikatika katikati ya ibada, ulemavu wao unarudi, na wa kila mpiga kinanda pamoja nao.

Natamani msomaji akae kidogo na jambo hilo, kwa sababu wazee wetu wa kanisa hawakukaa nalo. Ombi la binti lilipofika kwao, mzee mmoja, mtu ninayemheshimu na anayeijua Biblia kuliko wachungaji kadhaa niliowahi kuwasikiliza, alifungua Walawi sura ya 21. Hakuwa mkali. Alisema kwa upole kwamba Mungu hutolewa kilicho kamili, kwamba matarumbeta hutangulia mbele ya madhabahu, na kwamba mtoto apewe nafasi nyingine yenye heshima. Hakutaja kayamba, lakini wote tulilisikia likitikiswa.

Sura hiyo naijua. Mtu wa uzao wa Haruni mwenye kilema, awe kipofu, kiwete, mwenye mguu au mkono uliovunjika, mwenye kibiongo, haruhusiwi kukaribia kutoa sadaka. Wahubiri wa huruma huiruka, na sidhani ni haki kuiruka. Nimeisoma mara nyingi kwa sababu nimo ndani yake kwa jina la ugonjwa wangu. Kinachonisumbua zaidi si katazo bali ruhusa iliyo mstari mmoja mbele: mtu huyo anaruhusiwa kula chakula kitakatifu. Ale, lakini asihudumu. Ukitaka kuona mstari huo ukitekelezwa njoo wakati wa Krismasi, wakati mchele, sukari na mafuta ya kupikia vinapogawiwa kwa "ndugu zetu wenye mahitaji". Tunaitwa mbele, tunapigwa picha, tunapewa. Sijawahi kuona mtu akikosa mchele wa Krismasi kwa sababu ya kilema chake. Kwenye kula tumekubaliwa tangu jangwani.

Anayetajwa sana kutufariji ni Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyeangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano wakati wa kukimbia vita, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alimtafuta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha kwenye meza ya kifalme. Mahubiri yote niliyosikia juu yake yameishia mezani. Mefiboshethi namheshimu, lakini sitaki kuwa yeye. Alikuwa anakula kwenye meza ya mfalme aliyepata jina kwa kupiga kinubi, na kinubi hakina haja na miguu. Aya haisemi kwamba kuna mtu yeyote, hata Daudi mwenyewe, aliyewahi kumpitishia chombo kile na kumwambia ajaribu. Walimpitishia chakula.

Kwa hiyo swali lililokuwa mezani kwetu halikuwa dogo. Je, sifa inayotoka kwenye mwili wenye kasoro, kwa chombo kilichogeuzwa ili kiufuate mwili huo, ni sifa kamili, au ni sifa iliyosamehewa?

Jirani yangu mwingine ni Mwislamu, fundi wa kuchomelea mwenye karakana kule Usa River. Nilimweleza mjadala wetu akacheka. Kwao, alisema, jambo hilo lilimalizika zamani, tena kwa sababu ya bawasiri. Sahaba mmoja, Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi hayo, alimwuliza Mtume aswali vipi, akaelekezwa aswali wima, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Wanazuoni wakaendeleza mpaka kwa asiyeweza kujongeza kitu isipokuwa kichwa au macho, naye akaambiwa aashirie kwa hivyo. Na sala ya aliyekaa kwa udhuru haiitwi nusu sala. Akanikumbusha pia Ibn Umm Maktum, yule kipofu ambaye Sura ya 80 ilishuka kwa sababu yake, aliyekuja kuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal. Hakupewa kayamba, nikasema. Alipewa mnara, akasema, ingawa nadhani minara ilikuja baadaye; nilimwachia.

Nilirudi nyumbani na wivu kidogo. Kwa hao sala ina umbo, na umbo hilo limeagizwa kuinama mwili unapoinama. Sisi tuna zaburi ya 150, ambayo inataja vyombo kimoja baada ya kingine, baragumu, kinubi, matari, zeze, filimbi, matoazi, kila kimoja na kiungo chake, midomo, vidole, viganja, miguu ya kucheza. Ukiisikiliza ukiwa na mwili kama wetu unahesabu: hiki siwezi, hiki siwezi, hiki labda. Kisha mwishoni inatupa orodha yote na kudai pumzi peke yake. Wanakwaya wanaipenda kwa sababu ya orodha hiyo. Mimi naipenda kwa sababu ya pale ambapo mwandishi anaonekana kugundua kwamba vyombo vyake vimewaacha watu nje, akaamua kuwarudia.

Na pumzi ndiyo tarumbeta inayodai kwanza. Hapo nilikuwa na hoja. Lakini nilipata iliyo bora zaidi kutoka kwa kijana aliyesoma muziki Makumira, kwenye chuo kikuu chetu cha Walutheri, ambaye alinifafanulia kwa hesabu kile ambacho masikio yangu yamekilalamikia maisha yangu yote: tarumbeta huzaliwa na kilema.

Iko hivi. Kila kibonyezo hufungua kipande cha bomba kinachorefusha njia ya hewa, na sauti ikashuka. Cha kwanza huongeza asilimia 12 hivi ya urefu wa tarumbeta, cha tatu asilimia 19. Ukivibonyeza pamoja unapata asilimia 31. Lakini kushuka kwa kiasi kinachotakiwa hapo kunadai asilimia 33 na nusu, kwa sababu kipande cha kibonyezo cha tatu kilipimwa kwa tarumbeta fupi na sasa kimeongezwa kwenye tarumbeta ambayo tayari imerefuka. Zimepungua kama sentimita tatu, na nota ya D ya chini inatoka juu kuliko inavyopasa. Si kosa la kiwanda wala la nchi iliyoitengeneza. Ukitengeneza nyingine kwa dhahabu tupu itakuwa vilevile. Ndiyo maana bomba la kibonyezo cha tatu limewekewa pete, na mpigaji hulisukuma nje kwa kidole cha mkono wa kushoto kila anapofika kwenye nota hiyo. Ile pete ni gongo. Tarumbeta zote zilizowahi kutangulia mbele ya madhabahu yetu zilikuwa zinatembelea gongo.

Nilipoyasema haya mbele ya wazee, yule mzee wa Walawi alinyamaza, kisha akaomba aletewe tarumbeta aione hiyo pete. Akaisukuma, akairudisha. Ni mtu mwaminifu. Hakusema nimeshinda, na mimi sikutaka aseme.

Tunasahau pia chombo hiki kilipita wapi kabla ya kufika kwetu. Walioleta injili ya Kilutheri Meru walikuwa wamisionari wa Leipzig. Wawili wa kwanza, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, na mwaka 1902 wenzao walirudi wakajenga Nkoaranga. Desturi ya kwaya za matarumbeta ilitoka kwenye makanisa ya kwao. Na aliyezieneza Ujerumani kuliko mtu mwingine, mchungaji Johannes Kuhlo, kuanzia mwaka 1893 alifanya kazi Bethel, kule Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Muziki tunaodhani unahitaji mwili mkamilifu ulikomaa kwenye uwanja wa watu ambao jamii yao ilikuwa imewaweka kando. Ujerumani hiyohiyo leo ina Felix Klieser, aliyezaliwa mwaka 1991 bila mikono, naye ni mpiga pembe wa kiwango cha juu kabisa. Pembe ya okestra bahati nzuri ina vibonyezo vya mkono wa kushoto. Yeye huviendesha kwa vidole vya mguu wa kushoto, chombo kikiwa kwenye stendi. Mkono wa kulia, ambao wengine huuingiza ndani ya mdomo wa pembe kulainisha sauti, hana. Kazi hiyo anaifanya kwa midomo. Uingereza tangu mwaka 2011 kuna shirika linaloitwa OHMI ambalo huhimiza vyombo vya kupigwa kwa mkono mmoja. Wanashindanisha mafundi. Angalia: mafundi, si wagonjwa.

Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo. Kinshasa walikuwapo Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki ambao wengi wao polio iliwakamata miguu, wakiishi mitaani karibu na bustani ya wanyama, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu walizoziunda wenyewe. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes. Kijana wao Roger Landu, ambaye si mlemavu, alipiga satonge, chombo alichokibuni mwenyewe kwa kopo, mti uliopindwa na waya mmoja. Sikiliza waya ule unavyolia juu ya magitaa. Pale hakuna anayeuliza chombo gani kinamfaa nani. Vitu vingi kwenye kundi lile, kuanzia kiti hadi waya, vilitengenezwa na aliyevitumia au na rafiki yake. Babu zetu walifanya hivyo pia: fundi wa ilimba huvuta chuma mbele na nyuma mpaka sauti ikae, na kama mwenye chombo ana gumba moja fupi, fundi anamjua, ni jirani yake. Kiwanda hakimjui mtu. Kinakata chuma kwa ajili ya mwili ambao hakijauona, na sisi tukikipokea tunadhani mwili ule ndio Mungu aliokusudia.

Yapo maombi pia, na sitayakwepa. Binti huyu ameombewa. Mimi nimeombewa, kwa mafuta, kwa maji, kwa mikono mingi kichwani mpaka shingo ikauma. Mwaka 2011, barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilipojaa magari yaliyobeba wagonjwa kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500 tu, watu walinishangaa kwa kutokwenda. Nilikuwa na harusi za kupigia. Siamini kwamba Mungu haponyi. Naamini tumelifanya ombi la uponyaji kuwa mahali pa kupumzikia. Tukishaomba mkono uote, hakuna tena anayelazimika kuigusa tarumbeta. Tunangoja, na kungoja kunafanana sana na imani.

Fikiria ningeponywa nikiwa na miaka kumi. Ingekuwa miguu miwili. Watoto walionifuata kwenye foleni ya maji wangeendelea kunywa. Kilichowafikia hao ni mambo ambayo hayashangiliwi kwenye mkutano wowote: kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa, ikatiwa kwenye ndoo kuwa chujio la floraidi, na chujio la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapa Nambala, lililompatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi. Mifupa ya ng'ombe inaokoa mifupa ya watoto. Mwenye kutaka muujiza autafute kwenye ndoo ile.

Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu, aliyedai papo hapo kuwa ndiye mwumba wa kinywa, hakukigusa kinywa kile. Alimpa Haruni wa kusema na fimbo ya kushika. Na katika Marko sura ya 2 kuna wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakakuta mlango umejaa watu. Hawakumwambia mwenzao angoje nje, wala hawakumtafutia shughuli nyingine yenye heshima pale uani. Walipanda darini, wakabomoa. Mwinjilisti anasema Yesu aliiona imani yao. Wakati huo mgonjwa alikuwa bado hajapona, na kitu pekee cha kuonekana kilikuwa tundu kwenye paa la mtu. Sijasikia hubiri juu ya mwenye nyumba. Lakini kila ninapowaona wazee wanalinda tarumbeta isiguswe na chuma cha fundi, namfikiria yeye, amesimama chini, anatazama udongo unamdondokea.

Wazee walikubali hatimaye, si kwa kauli moja. Fundi wangu wa Usa River alimpima binti kwenye karakana, akamtengenezea mkanda wa kiunoni wenye fimbo ya chuma inayopanda na kuibeba tarumbeta, na kwenye ncha ya kiwiko chake cha kushoto akaweka pedi ya ngozi ya kuituliza isiyumbe. Alikataa malipo, kisha akakubali nusu, kisha mke wake akaja kudai iliyobaki. Binti sasa yuko sauti ya pili. Anapuliza kwa nguvu kupita kiasi, kama wanaoanza wote, na nyimbo za kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana zenye mwendo wa polepole anazipeleka mbio.

Tatizo ni ile D ya chini. Hana kidole cha kushoto cha kusukuma pete, kwa hiyo inatoka na kasoro yake yote, na kiongozi wa matarumbeta amemkemea mara mbili mbele ya watu. Alikuja kwangu amenuna vilevile kama siku ya kwanza. Nilimwambia ajaribu kuishusha kwa midomo. Anasema babu, nimejaribu, haishuki yote. Fundi ameleta waya wa breki ya baiskeli. Anataka kuufunga kwenye lile bomba na kuupitisha chini ya vibonyezo, uvutwe na kidole kidogo cha kulia, ambacho kwenye tarumbeta hakina kazi nyingine ila kujishikiza. Waya wa kwanza ulikuwa mgumu mno, bomba liliruka nje na kuanguka sakafuni. Jumamosi wanajaribu wenye springi laini.